Ijue historia ya majahazi ya delta ya Rufiji, kuanzia mtepe wa kushonwa hadi boriti za Kuwait

Ukipita Kibiti kwa basi la Kilwa au Lindi, huwezi kudhani kwamba upo kwenye wilaya ya mabaharia. Mji wenyewe ni wa barabarani: stendi, korosho, mama lishe, bodaboda. Bahari huioni.

Lakini ukiacha lami pale Bungu na kushuka upande wa mashariki hadi Nyamisati, barabara inaishia kwenye matope. Kuanzia hapo ni maji na mikoko. Vijiji vingi vya kata za Salale, Msala, Kiongoroni na Maparoni vinategemea chombo kwa kila kitu. Mgonjwa anapelekwa kwa chombo, mwalimu anaripoti kazini kwa chombo, saruji na unga vinaletwa kwa chombo. Bibi harusi naye hivyo hivyo.

Vyombo hivi vya mbao, yaani majahazi, mashua na madau, vina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Na umbo lake halikuchorwa na mtu ofisini. Limetokana na tope, mti na upepo. Zaidi ya hapo, jahazi la Rufiji lilijengwa kwa sehemu kutokana na mikoko, na mikoko hiyo hiyo ndiyo ilikuwa shehena yake kubwa. Ndiyo maana hadi leo, mkoko ukiguswa, fundi wa jahazi naye anaguswa.

Delta isiyotulia

Mto Rufiji unakusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ukikaribia bahari unagawanyika na kutoka kwa midomo kadhaa, kama Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na Msala. Katikati ya midomo hiyo kuna takribani hekta 50,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Tanzania. Mkabala wake, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ndiko kiliko kisiwa cha Mafia.

Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Mkondo uliopitisha jahazi lenye shehena saa nne asubuhi, ikifika saa kumi jioni ni uwanja wa kaa.

Hapo ndipo umbo la chombo linapokuwa na maana. Chombo chenye tumbo jembamba na refu kwenda chini, maji yakipwa kinalala ubavu na mzigo unamwagika. Chenye tumbo pana kinakaa kitako juu ya tope, mabaharia wanapika chai, wanasubiri maji yarudi. Mtu wa delta hakuhitaji kusoma chuo kujua kipi ni bora.

Bandari iliyopewa jina la mashua

Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, akitokea Misri, alitunga mwongozo wa bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho kinajulikana kama Periplus. Bandari ya mwisho aliyoitaja upande wa kusini wa pwani ya Afrika Mashariki aliiita Rhapta, na akaeleza kabisa kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Kwa Kigiriki neno hilo linahusu kushona. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na magamba ya kasa.

Rhapta ilikuwa wapi? Ubishi ni wa muda mrefu. Wapo walioitafuta Pangani, wapo walioitafuta karibu na Dar es Salaam, na wapo wanaoiweka kwenye delta ya Rufiji. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba sana upande huu, na eneo la Mkukutu, Kibiti, alipata shanga za kioo za zama za Warumi. Shanga peke yake si mji. Ila zinatosha kuonyesha kwamba watu wa huku walikuwa ndani ya biashara ya dunia zama zile.

Chombo cha kushonwa kilikuwaje? Mbao zilipangwa ukingo kwa ukingo, zikatobolewa matundu, kisha zikafungwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Matundu yakazibwa. Mwili wa chombo ulisimama kwa kamba na vijiti, bila misumari ya chuma.

Chombo cha mwisho cha ukoo huo kilikuwa mtepe, uliotumiwa sana na Wabajuni na watu wa Lamu. Ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa kwa majani kama mkeka. Omo lake lilinyooka mbele kama shingo ya ngamia, na watu wa pwani walisema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Pembeni mwa omo zilichorwa alama za macho. Pia, kwenye kuta za magofu ya Kilwa na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo vya matanga iliyokwaruzwa kwenye chokaa karne nyingi zilizopita, na baadhi ya vyombo hivyo vinafanana na mtepe.

Watu wengine huona kushona chombo ni umaskini wa kukosa misumari. Si kweli. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu vizuri: chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, cha kamba kinapinda na kunusurika. Kwenye pwani iliyojaa matumbawe na mafungu, hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili.

Gharama yake ilikuwa matengenezo. Kamba zinaoza, kwa hiyo chombo kinashonwa upya mara kwa mara. Maji yanapenya kwenye matundu, na lazima kuwe na mtu wa kuyafua kutoka ngamani safari nzima. Misumari ilipopatikana kwa urahisi, mtepe ukaanza kupungua, na baada ya miaka ya 1930 ukatoweka baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliundwa mfano wa mtepe na kuwekwa ndani ya Beit el Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Vipi kuhusu meli za Wachina?

Swali hili huulizwa sana, hasa kwa sababu ya vigae vya vyombo vya Kichina vinavyopatikana Kisimani Mafia, Kua kisiwani Juani, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wanapoviona wanadhani meli za China zilikuwa zinatia nanga hapo kila msimu.

Vyombo vingi vya aina hiyo vilifika kwa kupokezana, bandari kwa bandari, kupitia India, Ghuba na Arabuni. Hata hivyo Wachina wenyewe walifika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1405 na 1433, amiri Zheng He, Muislamu mzaliwa wa Yunnan, aliongoza safari 7 za baharini, na baadhi ya meli za msafara wake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Watu wa kule walimwona kama mnyama wa ajabu na wa heri.

Meli ya Kichina ya matanga, inayojulikana kama janki, ilikuwa kitu kingine kabisa. Tuchukue mambo matatu.

Kwanza ni tumbo lake. Ndani liligawanywa kwa kuta za mbao kutoka upande hadi upande. Meli iliyofukuliwa Quanzhou mwaka 1974, iliyozama miaka ya 1270, ilikuwa na vyumba 13. Kuta hizo zinaimarisha meli, na chumba kimoja kikitoboka maji hayasambai haraka kwenye meli nzima.

Pili ni tanga. Lilikuwa na vijiti vya mianzi vilivyolala toka upande mmoja hadi mwingine, kama pazia la madirishani. Upepo ukizidi, unalishusha kidogo, linajikunja lenyewe. Watu wachache wanatosha.

Tatu ni usukani wa nyuma. China kuna mfano wa mashua ya udongo uliozikwa kaburini karibu miaka 2,000 iliyopita, na usukani wake unaning'inia tezini pale pale tunapouona leo.

Ibn Battuta ana faida ya kuwa shahidi wa pande zote mbili. Kama miaka 10 baada ya kuondoka Kilwa alifika Calicut, India, akakuta meli za Kichina bandarini. Aliandika kwamba zile kubwa zilichukua watu 1,000, wakiwemo askari 400, na matanga yake yalisukwa kwa mianzi kama mikeka.

Kumbe mkeka ulikuwa tanga huku na kule! Na macho kwenye omo pia: mtepe ulikuwa nayo, na meli nyingi za kusini mwa China zilichorwa macho ili chombo kione njia.

Basi kwa nini mafundi wa pwani hawakugawa majahazi yao vyumba? Jibu mojawapo liko kwenye mzigo. Ukuta wa katikati unafaa kama unabeba masanduku ya vyombo vya udongo au magunia. Ukiwa unabeba miti mirefu kutoka mikokoni, ukuta ni kero. Jahazi linahitaji ngama iliyo wazi toka mbele hadi nyuma.

Jahazi linavyoundwa

Jahazi la misumari ndilo lililorithi kazi ya mtepe. Mkabala wa delta, visiwa vya Jibondo na Chole huko Mafia vinajulikana kwa mafundi wake. Hawa hawatumii mchoro. Kipimo kiko kwenye jicho, kwenye kamba na kwenye mkono wa fundi aliyejifunza kwa baba au mjomba.

Kazi inaanza na mkuku, gogo refu na gumu linalolazwa chini. Mbele unasimamishwa mti wa omo, nyuma wa tezi. Halafu zinapandishwa mbao za kwanza, na baada ya hapo mataruma, yaani mbavu za chombo.

Mataruma ndiyo sehemu inayomwonyesha fundi wa kweli. Mti ulionyooka ukiukata kwa msumeno ili upate mkunjo, unakata nyuzi zake na unabaki dhaifu. Fundi mzuri anaingia porini kutafuta tawi ambalo tayari limejikunja lenyewe kwa kiasi anachotaka. Analikagua likiwa bado juu ya mti, na pengine anakwishajua litakaa upande gani wa chombo.

Hapa ndipo delta inapoingia ndani ya mwili wa jahazi. Mlilana, mkoko unaosimama mbele kabisa kwenye mawimbi, una matawi yaliyopinda na unavumilia maji ya chumvi, kwa hiyo hutumika kwa mataruma. Msikundazi, unaoota nyuma upande wa maji baridi zaidi, huenda juu umenyooka na ndio unaotafutwa kwa mlingoti. Mkomafi nao hutoa mbao nzuri. Mbao ndefu za ubavuni hutoka bara: mninga, mkongo, mvule, na kwa vyombo vidogo hata mwembe.

Misumari inapigwa kutoka nje baada ya mbao kutobolewa kwa keekee, maana ukipiga msumari mkubwa kwenye mbao ngumu bila tundu, mbao inapasuka. Kisha inakuja kalafati. Pamba inalowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye kila mwanya. Ni kazi ya kuchosha na isiyo na sifa, lakini chombo kinaelea kwa sababu ya pamba hiyo.

Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Kazi yake ni kumzuia mdudu anayetoboa mbao za vyombo. Mdudu huyo ni mdogo, lakini kwenye maji ya joto anaweza kuumaliza ubao ambao kwa nje bado unaonekana mzima. Kwa hiyo kila baada ya muda jahazi linapandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakipwa linakwanguliwa, linapitishiwa moto wa makuti kwa chini, halafu linapakwa upya.

Juu yake kuna mlingoti uliolala kidogo kuelekea mbele. Foromali, mti mrefu unaoshika tanga, huvutwa juu kwa henza. Tanga ni la kitambaa na limekaa karibu na umbo la pembetatu.

Faida ya tanga hili ni kwamba linakwenda vizuri hata upepo ukitoka ubavuni, jambo ambalo lile la mraba la mtepe lilishindwa kulifanya vizuri. Ubaya wake unaonekana wakati wa kugeuza. Foromali lazima ipitishwe mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na kwenye upepo mkali hiyo ni kazi ya watu wengi wenye mikono yenye nguvu na nahodha asiyepaniki. Kwa jambo hili moja, Mchina na vijiti vyake vya mianzi alimzidi mtu wa pwani. Tuseme ukweli.

Korija za boriti

Mikoko hailiwi ovyo na mchwa kama miti mingine. Imenyooka, ni mizito na ni migumu. Kwa sababu hiyo ilikuwa nguzo na dari za nyumba za mawe kuanzia Lamu, Unguja na Kilwa hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba.

Wafanyabiashara waliipanga kwa unene. Fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, na nguzo ndiyo nene. Iliuzwa kwa korija, yaani miti 20 kwa mara moja. Neno hilo wazee wa pwani bado wanalo.

Upepo ndio uliopanga kalenda. Kaskazi ilipoanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, majahazi na mabumu yalishuka kutoka Ghuba, Omani na Yemeni yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Yaliuza bandari kwa bandari. Kisha baadhi yake yaliingia Rufiji kupakia boriti, ili kusi ya mwanzo, kuanzia mwezi wa nne, iyarudishe kwao. Aliyechelewa alikutana na bahari iliyochafuka, na aliyewahi sana hakuwa na upepo wa kumrudisha.

Safari moja ya aina hii imeandikwa vizuri. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alijiunga huko Aden na bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi. Mwanzoni mwa mwaka 1939 waliingia delta ya Rufiji, wakapakia boriti eneo la Salale. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1940, kinaieleza delta kama mahali pa mateso: mbu, joto, homa, mvua na matope. Wenyeji hawataipenda picha hiyo, maana wao ndiko nyumbani. Lakini kuhusu ugumu wa kazi hakutia chumvi. Boriti mbichi ni nzito ajabu, inabebwa begani kwenye tope linalofika magotini, inaingizwa kwenye mtumbwi, halafu inapangwa ngamani moja baada ya nyingine.

Mzigo huo ulipofika Kuwait, Bahrain au Basra ulibadilisha hata umbo la nyumba. Kwa kuwa boriti moja ndiyo ilivuka kutoka ukuta hadi ukuta, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa kawaida mita 3 hivi na kidogo. Chumba kingeweza kuwa kirefu utakavyo, ila si kipana. Ukiingia kwenye nyumba ya zamani huko Ghuba na kutazama juu, kuna uwezekano mkubwa unatazama msitu wa Afrika Mashariki.

Wakoloni wa Kijerumani waliona mapema kwamba kuna fedha hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 waliweka usimamizi wa misitu ya mikoko ya Rufiji, wakitoza ukataji na kusafirisha pia magome, ambayo yalitumika kutengenezea ngozi.

Wajerumani hao hao walikuja kujua tope la Rufiji kwa namna nyingine. Mwaka 1914 meli yao ya kivita Königsberg, iliyohitaji kina cha zaidi ya mita 5, iliingia kujificha kwenye mikondo ya delta na haikutoka tena. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata. Mwishowe waliletewa Severn na Mersey, meli zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zenye tumbo bapa linalohitaji maji yasiyofika mita 2. Hizo ndizo zilizopanda mkondo, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaharibiwa. Tumbo bapa, kama la dau.

Biashara ilivyokatika

Mwaka 1946 Kuwait ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta. Fedha zilipoingia, saruji na nondo zikafuata. Nyumba za boriti zikabomolewa kupisha maghorofa, na vijana waliokuwa mabaharia wakapata kazi za mshahara. Mabumu yakapungua msimu hadi msimu. Kenya nayo ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Upande wa Tanzania, mikoko ya bara ni hifadhi ya serikali, na leo huwezi kukata hata mti mmoja kwa biashara bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo pia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sheria hizi zina sababu nzuri. Mikoko ni mazalia ya kamba na samaki, na inalinda ufukwe usiliwe na mawimbi. Isitoshe, hasara kubwa upande wa kaskazini wa delta imetokana na mashamba ya mpunga, ambako mkulima anafyeka eneo zima. Mwenye jahazi anachagua mti mmoja mmoja.

Tatizo ni kwamba mbele ya sheria wote wawili wanaonekana ni wakataji. Fundi anayehitaji matawi machache ya mlilana na mti mmoja wa msikundazi anapanga foleni ile ile ya kibali na mfanyabiashara wa boriti. Wapo wanaoona bora watumie mbao za bara, ambazo nazo bei imepanda, au waache kuunda na wabaki kuziba vyombo vya zamani.

Barabara nayo imechangia. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Kilwa, Lindi na Mtwara ukapata njia ya uhakika ya malori, na jahazi likabaki na kazi ya sehemu ambazo lori halifiki. Kati ya Nyamisati na Mafia sasa kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, pamoja na boti za fiba. Abiria wengi wanashukuru, na wana haki. Kuvuka mkondo ule kwenye mashua iliyojazwa watu, mbuzi na magunia, kusi ikivuma, si jambo la kutamani.

Lakini ndani ya delta hakuna kivuko kinachoingia kila mkondo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, mitumbwi na boti ndivyo vilivyozunguka kutoa watu. Na mikondo yenyewe inabadilika: mto umewahi kuhama na kuongeza maji upande wa kaskazini, na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere huko juu, ambalo kama bwawa lolote linashika sehemu ya tope lililokuwa linashuka. Nahodha wa delta anasoma njia upya kila mwaka.

Siku hizi jahazi jipya likiundwa, kinachoulizwa kwanza ni injini. Wengi wanafunga mashine na kuacha tanga la akiba. Wengine, kwa kukosa msikundazi mzuri au kwa kuona ni usumbufu, hawaweki mlingoti kabisa. Kwenye mikondo ya ndani hilo halina neno, upondo unatosha kukufikisha. Kwenye maji makubwa ya kuelekea Mafia ni hadithi nyingine, kwa sababu chombo kisicho na tanga kikiishiwa mafuta au mashine ikizima, kinakwenda kokote maji yanakokipeleka.